Zilizopendwa zisiwe kaburi la wanamuziki wetu

Mwaka 2007 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili mtaani Kawangware, jijini Nairobi. Asubuhi moja niliingia katika darasa la Kidato cha Tatu nikiwa nimebeba redio ya kanda. Somo la siku hiyo lilikuwa nyimbo katika fasihi simulizi, nami nilikuwa nimechoka kuwafundisha wanafunzi nyimbo kwa kuziandika ubaoni kana kwamba ni hesabu za kujumlisha na kutoa. Nilibonyeza kitufe, na wimbo wa "Amka Kumekucha" wa bendi ya Maroon Commandos ukajaa chumba kizima.

Wimbo ulipokwisha, msichana mmoja ambaye kila siku alikuja shuleni kwa miguu kutoka Kibera aliinua mkono. Nilitaraji aniulize kuhusu takriri au tashihisi. Badala yake aliniuliza: "Mwalimu, watu hawa bado wako hai?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba bendi yao ingali hai, kwamba bado inapiga muziki, na kwamba mwaka huo huo ilikuwa imetoa albamu mpya iitwayo Shika Kamba. "Basi tuletee hiyo mpya tuisikie," akasema. Nikakiri kwamba sikuwa nayo. Hapo mvulana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye kwa kawaida hakuuliza lolote, akatia neno: "Na hiyo uliyo nayo, mwalimu, uliinunua wapi?"

Niliinunua kwenye meza iliyokuwa kando ya kituo cha matatu za namba 46. Jalada lake lilikuwa karatasi iliyotolewa nakala kwa mashine, tena jina la bendi lilikuwa limekosewa herufi. Nilijua nilichokuwa nikinunua. Nilijua pia kwamba wiki iliyotangulia nilikuwa nimewaadhibu wanafunzi wawili wa darasa lilo hilo kwa kunakili insha ya mwenzao. Sikumjibu yule mvulana. Kengele ililia, nami nikaishukuru kengele.

Tangu siku hiyo nimelifikiria swali hilo mara nyingi, na ndilo linalonifanya nishike kalamu leo. Sisi Wakenya ni hodari wa kuwasifu wanamuziki wetu wakongwe. Lakini mwanamuziki mkongwe anapothubutu kuingia studio na kutoka na kazi mpya, twafanya nini? Aghalabu hatununui. Hatusikilizi. Twamwambia, kwa upole na kwa tabasamu, atupigie ule wa zamani.

Hebu kwanza tuwatazame hawa Maroon Commandos ni nani, kwa faida ya wanafunzi ambao huenda hawajapata kusimuliwa. Bendi hii iliundwa mwaka 1970 chini ya uongozi wa Habel Kifoto, mzawa wa Taita. Si bendi ya mabaa na vilabu peke yake. Ni bendi ya wanajeshi, wa kikosi cha 7 Kenya Rifles, na makao yake ni katika kambi ya Langata. Katika miaka yake ya mwanzo ilifuata nyayo za rumba kutoka Kongo, kama zilivyofanya bendi nyingi za wakati huo. Mwaka 1972 ajali mbaya ya barabarani iliivuruga, nayo ikalazimika kujijenga upya. Ilipofika mwaka 1977 ilikuwa imepata sauti yake yenyewe: magitaa yenye mwendo wa benga, rumba ya Kiswahili, na ala za kupuliza zinazokumbusha kwamba wapigaji wamefunzwa kwa nidhamu ya gwaride. Mwaka huo ikatoa "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kitaita uliovuma nchi nzima. Watu wasiojua neno hata moja la Kitaita waliuimba tangu mwanzo hadi mwisho.

Msomaji ataniuliza: haya yanahusiana vipi na Kibera? Yanahusiana sana. Kambi ya Langata ni jirani wa Kibera, na Kibera yenyewe ilizaliwa na jeshi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwapa makao mahali hapo askari wa Kinubi waliotumikia King's African Rifles. Palikuwa msitu, na kwa lugha ya Kinubi msitu ni "kibra". Ndipo lilipotoka jina. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya jamii hiyo kukabidhiwa hati ya ekari 288 mnamo mwaka 2017. Tena jeshi hilo hilo la wakoloni lilichangia kuzaliwa kwa muziki wetu wa gitaa. Fundi Konde, ambaye nyimbo zake bado zapigwa harusini, alitumika katika kikosi cha kuwatumbuiza askari huko Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo mwanajeshi mwenye gitaa si jambo la ajabu katika historia yetu. Ni mmoja wa mababu wa muziki wa Kenya.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitii maanani. Maroon Commandos wamedumu kwa sababu, pamoja na kipaji, walikuwa na mshahara. Mwanajeshi mpiga gitaa hula hata kama kanda haikuuzwa. Walinganishe na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walioifanya Nairobi yote icheze. Mwaka 1992 albamu yao Pepea ilitolewa Ulaya. Mwisho wa mwaka huo huo George akafariki dunia. Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikazimika. Hawakuwa na kambi, hawakuwa na mshahara. Walikuwa na nyimbo tu, na nyimbo hizo zilikuwa zikiuzwa mezani kando ya barabara na watu ambao hawakuwapa hata senti moja.

Sasa turudi kwa neno lenyewe, maana mimi ni mwalimu wa lugha na siwezi kuliacha lipite. Redio zetu huziita nyimbo hizi "zilizopendwa". Tulichambue kama tunavyofanya darasani. "Zi" ni kiambishi cha ngeli, kinachosimamia nyimbo. "Li" ni wakati uliopita. "Zo" ni kirejeshi. "Pend" ni mzizi. "W" ni kauli ya kutendwa, na "a" ni kiishio. Tatizo limo katika hiyo "li". Zilipendwa, yaani upendo umekwisha, umebaki ukumbusho. Mbona hatusemi "zinazopendwa"? Kama wimbo bado unapigwa kila Jumapili na bado watu wanasimama kuucheza, sarufi yenyewe yadai tubadilishe kiambishi. Lakini hatubadilishi, kwa kuwa jina hilo limekwisha kuwa sanduku. Mwanamuziki akishatiwa humo, kila atakachotoa baadaye hakina mahali. Hakiwezi kuitwa kipya, kwa kuwa yeye ni wa zamani. Hakiwezi kuitwa cha zamani, kwa kuwa hakijapendwa bado.

Nililiona hili kwa macho yangu. Jumamosi iliyofuata lile somo nilifuatana na wanafunzi watatu kuitafuta Shika Kamba. Tulianza katika meza za Kawangware, tukashika Barabara ya Naivasha, kisha Barabara ya Ngong, hadi soko la Toi pale mlangoni mwa Kibera. Kila muuzaji alikuwa na Maroon Commandos. Kila mmoja alikuwa na "Charonyi ni Wasi", na wengine walikuwa na "Uvivu". Hakuna aliyekuwa na albamu mpya. Muuzaji mmoja wa Toi, kijana mcheshi, alituambia ukweli wote bila haya: "Mwalimu, hiyo mpya haina watu. Sisi hutoa nakala za kile kinachoulizwa. Hata wezi hawajaiiba."

Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri juu ya kundi la watu wazima waliokusanyika tena studio baada ya zaidi ya miaka 30 ya kazi. Walipoanza, wimbo ulitoka katika sahani ndogo ya santuri ya mizunguko 45 kwa dakika, nao ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Walipitia zama za kanda. Sasa walikuwa wameingia zama za diski na kompyuta, ambapo kijana mmoja na kinanda chake anaweza kutengeneza muziki ambao zamani ulihitaji watu kumi na wawili. Hata hivyo walibeba magitaa na tarumbeta zao wakaenda. Na malipo yao ni kwamba hata mwizi hakuona faida ya kuwaibia.

Hatimaye tuliipata diski halisi katika duka moja katikati ya jiji. Niliilipia kwa fedha zangu, na nikahakikisha wale wanafunzi watatu wameniona nikilipa. Jumatatu tukaisikiliza darasani.

Laiti ningeweza kusema kwamba darasa zima lilishangilia. Halikushangilia. Mvulana yule wa nyuma alisema kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na moto zaidi. Msichana wa Kibera akambishia. Akasema kwamba sauti sasa zimekomaa, na kwamba mtu mzima hapaswi kuimba kama kijana. Mwingine akasema angependa wakongwe hao wafanye wimbo mmoja na vijana wa genge. Wakabishana hadi kengele ikalia, na safari hii sikuishukuru. Ndipo nilipotambua jambo ambalo miaka yangu ya kufundisha haikuwa imenionyesha. Wimbo wa zamani huwa tumekwisha kuuhukumu. Twausifu tu, kama tunavyomsifu marehemu. Kazi mpya hutulazimisha kusikiliza, kupima, kukubali na kukataa. Huo ndio uhakiki ambao mtihani wa fasihi unaudai, na wanafunzi wangu waliufanya bila kuchochewa.

Miezi michache baadaye nchi ilishika moto. Sihitaji kusimulia kwa kirefu yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini. Kibera na Kawangware zilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana hapa Nairobi. Majirani waliokopeshana chumvi waliulizana makabila yao. Reli ipitayo Kibera iling'olewa. Soko la Toi liliteketea, na meza ya yule kijana mcheshi ikateketea nalo. Sikumwona tena.

Shule zilifunguliwa Januari 2008, baada ya kucheleweshwa. Darasa langu, ambalo sasa lilikuwa Kidato cha Nne, lilirudi likiwa na madawati matupu. Msichana wa Kibera alirudi. Yule mvulana wa nyuma hakurudi. Jamaa zake walikuwa wamehamia mashambani. Wiki ile hapakuwa na mwanafunzi aliyetaka kuketi karibu na asiye wa lugha yake. Sikujua la kusema, na mwalimu asiyejua la kusema ni kiumbe wa kuhurumiwa. Nikaichukua ile diski nikaiweka. Kisha nikaweka "Charonyi ni Wasi" kutoka katika kanda yangu ile ya wizi.

Sitadai kwamba muziki uliwapatanisha. Madai ya namna hiyo ni mepesi mno, na waliofiwa hawayahitaji. Nitasema tu nililoliona. Wimbo wa Kitaita ulipofika katika kiitikio, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na Wanubi wa darasa lile waliuimba, polepole kwanza, hata wale waliokuwa wakitazama dirishani. Hakuna kati yao aliyekuwa Mtaita. Wimbo haukuwa wa kabila la yeyote, kwa hiyo ulikuwa wa wote. Bendi yenyewe ilikuwa ya wanajeshi, watu waliotoka pembe mbalimbali za nchi na kuvaa sare moja. Nadhani watoto wale walilisikia hilo bila mimi kuwaeleza.

Najua hoja za wanaonipinga. Wapo vijana wasemao kwamba kila kizazi kina ngoma yake, na kwamba wazee wawapishe. Kweli, kila kizazi kina ngoma yake. Lakini vijana hao wakumbuke kwamba Kalamashaka wa Dandora, waliotikisa miaka ya 1990 kwa "Tafsiri Hii", leo wanaitwa wakongwe. Gidi Gidi Maji Maji, ambao "Unbwogable" yao ya mwaka 2002 iligeuka wimbo wa siasa nchi nzima, leo wanafunzi wetu huwasikia kwa wazazi wao. Sanduku la zilizopendwa halibagui. Anayemtia mwenzake humo leo, kesho atatiwa yeye.

Wapo pia walimu wenzangu wasemao kwamba mzazi wa Kawangware anayehangaikia karo na unga hawezi kununua muziki halisi. Hoja hiyo naiheshimu, maana nami nilikuwa mteja wa meza ile. Lakini sikudai kila mtoto anunue. Shule moja yaweza kununua nakala moja, ikaihifadhi katika maktaba kama inavyohifadhi kamusi, na madarasa yote yakaisikiliza. Hatuwaambii wanafunzi wanakili riwaya nzima kwa mashine eti kwa kuwa ni maskini. Mbona wimbo ndio uwe mali isiyo na mwenyewe?

Sheria nayo imekwisha kusema. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda utungo wa muziki katika maisha yote ya mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwaka anaofariki. Habel Kifoto alifariki mwaka 2011. Siku zile redio zilipiga "Charonyi ni Wasi" asubuhi hadi jioni, nasi sote tukasema tumepoteza jabali. Nami nilisikitika. Lakini nilijiuliza ni wangapi kati yetu waombolezaji waliokuwa wameinunua Shika Kamba miaka minne kabla, alipokuwa hai wa kuiona fedha na kulisikia neno la shukrani. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hutunzwa akishazikwa.

Fauka ya hayo, wizi wenyewe haujaisha. Umebadilisha nguo tu. Kanda zimetoweka, na meza za diski zimepungua. Leo mwanafunzi huupata wimbo katika simu, akamrushia mwenzake kwa sekunde chache, na hakuna hata karatasi yenye herufi zilizokosewa ya kumshtua. Swali la yule mvulana limekuwa gumu zaidi kuulizwa, kwa hiyo lazima tuliulize kwa sauti kubwa zaidi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wanaotayarisha nyimbo kwa ajili ya tamasha la muziki la shule na vyuo, tamasha lililoanza mwaka 1927, wamtaje mtunzi kila wanapotumia utungo wake, na wamwombe idhini akiwa hai. Pili, mwalimu wa fasihi asikomee nyimbo za jadi na za marehemu. Achague angalau kazi moja mpya ya msanii mkongwe, awaache wanafunzi waihakiki bila kuwawekea maneno kinywani. Mtaala wa umilisi unaotiliwa mkazo sasa unampa nafasi hiyo. Tatu, wanafunzi wenyewe watoke. Kibera na Kawangware zina wazee waliopiga gitaa, ngoma na tarumbeta katika bendi ambazo majina yake hayamo katika kitabu chochote. Wengine wanakaa nyumba ya tatu kutoka shuleni. Nendeni mkawaamkie, mkawaulize walirekodi wapi, walilipwa nini, na kama wana wimbo mpya ambao hakuna aliyeuliza habari zake.

Yule msichana wa Kibera sasa ni mwalimu. Mwaka jana alinipigia simu akaniambia kwamba ameanza kufundisha nyimbo, na kwamba aliwapigia wanafunzi wake "Amka Kumekucha". Nikamuuliza walisema nini. Akacheka, akasema: "Mwalimu, waliniuliza kama watu hao bado wako hai."

"Nawe ukawajibu nini?"

"Niliwaambia kwanza nitawaonyesha mahali nilipoununulia."